Mary Mallon: Mpishi mwenye afya aliyefungiwa kisiwani miaka 26

Kabla jua halijachomoza nyuma ya milima ya Cherangani, moshi huwa umekwisha kuanza kupaa kutoka vibanda vya chakula mjini Kitale. Abiria wa kwenda Kapenguria na Lodwar huhitaji chai na chapati kabla ya safari ndefu. Kule Bungoma nako, madereva wa malori ya kuelekea Malaba huteremka Kanduyi kutafuta ugali na kuku wa kienyeji. Walaji hao hutazama bei na ukubwa wa kipande cha nyama. Ni wachache wanaoitazama mikono ya mpishi, na hata wangeitazama wasingeona lolote.

Aliyeufundisha ulimwengu jambo hilo hakuwa daktari wala mwanasayansi. Alikuwa mpishi, mwanamke maskini aliyehamia Marekani kutoka Ireland, ambaye hakupata kukubali maishani mwake kwamba mikono yake ilimdhuru mtu. Jina lake lilikuwa Mary Mallon. Magazeti ya enzi hiyo yalimbandika jina la Mary wa homa ya matumbo, na ndilo lililobaki vinywani mwa watu hadi leo.

Msichana wa Cookstown

Mary alizaliwa tarehe 23 Septemba 1869 katika mji mdogo wa Cookstown, kaunti ya Tyrone, kaskazini mwa Ireland. Nchi hiyo ilikuwa bado inauguza makovu ya njaa kuu ya miaka ya 1840, na vijana wengi walikuwa wakivuka bahari kutafuta riziki. Naye akiwa bado kijana wa miaka 15 hivi aliabiri meli hadi New York, akapokelewa na jamaa zake.

Kazi iliyomngojea ilikuwa ile ya wasichana wengi wa Ireland, yaani utumishi wa nyumbani. Hata hivyo, Mary alikuwa na kipaji. Alijua kupika, na mpishi hodari alilipwa vizuri kuliko mfuaji nguo au mfagiaji. Kufikia mwaka wa 1900 alikuwa akipikia matajiri wa New York na vitongoji vyake. Alikuwa mrefu, mwenye nguvu, hodari wa kazi, na hakuwa na dalili yoyote ya ugonjwa.

Jambo moja tu lilimfuata kila alikokwenda. Wiki chache baada ya kuajiriwa, watu wa nyumba hiyo waliugua homa ya matumbo. Mary alihama, akaajiriwa kwingine, na huko nako homa ikaingia. Siku hizo ugonjwa huo ulikuwa wa kawaida, na kila familia ilikuwa na cha kulaumu: maji, maziwa au choo. Hakuna aliyemshuku mpishi.

Nyumba ya likizo

Katika kiangazi cha mwaka wa 1906, mwenye benki Charles Henry Warren alikodi nyumba huko Oyster Bay, kisiwani Long Island, mahali pa matajiri kupunga upepo. Mary aliajiriwa kuwa mpishi wake mapema mwezi wa Agosti. Kati ya tarehe 27 Agosti na 3 Septemba, watu 6 kati ya 11 waliokaa humo waliugua homa ya matumbo: mke wa Warren, mabinti wake wawili, watumishi wawili na mtunza bustani.

Mwenye nyumba alishikwa na hofu kwamba hakuna mtu atakayekubali tena kuikodi. Akamwita George Soper, mhandisi wa mambo ya usafi aliyekuwa na sifa ya kufuatilia chanzo cha milipuko ya maradhi. Soper alipima maji, akachunguza choo, akauliza kuhusu maziwa, kisha akawashuku kombe wa baharini waliokuwa wakiuzwa ufuoni. Kote huko aliambulia patupu. Ndipo alipouliza iwapo kulikuwa na mtu mgeni nyumbani kabla ya ugonjwa, akaambiwa juu ya mpishi aliyekuja Agosti na kuondoka muda mfupi baada ya watu kuugua.

Soper aliifuata nyayo kwa nyayo historia ya kazi ya mpishi huyo. Kati ya familia 8 zilizokuwa zimemwajiri, 7 zilikuwa zimepatwa na homa ya matumbo. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 22.

Palikuwa na kitendawili. Chakula kinachopikwa kwa moto mkali huua viini. Mary angewezaje kuwaambukiza watu kwa supu na nyama ya kuchoma? Jibu lilipatikana katika andazi moja ambalo Mary alisifika kwalo, nalo ni aiskrimu yenye vipande vya pichi mbichi. Matunda hayo yalimenywa na kukatwa kwa mkono, yakatiwa kwenye maziwa baridi, wala hayakuguswa na moto. Viini vilivyokuwa mikononi mwa mpishi vilipita moja kwa moja hadi mezani.

Uma wa nyama na mlango wa stoo

Mwezi Machi 1907 Soper alimkuta Mary akipika katika nyumba moja ya Park Avenue, mjini New York. Ndani mlikuwa na wagonjwa, na binti wa familia hiyo alikuwa mahututi, baadaye alifariki. Soper alimweleza mpishi kwamba huenda yeye ndiye anayesambaza ugonjwa, akamtaka atoe mkojo, kinyesi na damu vikapimwe. Mary alichukua uma mkubwa wa kukatia nyama akamjia juu, naye mhandisi akatoka mbio.

Si vigumu kuielewa hasira hiyo. Mwanamume asiyemjua anaingia jikoni mwake na kumwambia kwamba yeye mzima, asiyewahi kulazwa kwa homa, ndiye anayewaua watu, na kwamba ni mchafu. Wazo la mtu mwenye afya kamili kubeba viini vya ugonjwa lilikuwa jipya hata kwa madaktari wengi. Daktari Mjerumani Robert Koch alikuwa ameanza kulieleza miaka michache tu kabla.

Idara ya afya ilimtuma daktari mwanamke, Josephine Baker, ambaye baba yake mwenyewe alikuwa amefariki kwa homa ya matumbo. Alipofukuzwa mara ya kwanza, alirudi na polisi. Mary alitoroka kwa mlango wa nyuma, wakamsaka saa kadhaa hadi walipoona kipande cha kitambaa cha gauni kimebanwa na mlango wa stoo ndogo. Alibebwa hadi gari la wagonjwa akipiga mateke, na daktari akalazimika kumkalia njia nzima hadi hospitali.

Vipimo vilionyesha kwamba kinyesi chake kilijaa bakteria wa homa ya matumbo. Wataalamu waliamini kwamba viini hivyo vilikuwa vimejificha katika mfuko wa nyongo. Wakamshauri apasuliwe mfuko huo utolewe, upasuaji ambao wakati huo ungeweza kumuua. Alikataa. Dawa za kuua bakteria hao hazikuwapo. Ya kwanza yenye nguvu, kloramfenikoli, ilipatikana mwishoni mwa miaka ya 1940, baada ya Mary kufa.

Kisiwani, mahakamani, na nje tena

Mary alipelekwa katika kisiwa cha North Brother kilichoko katika mto wa East River, palipokuwa na hospitali ya maradhi ya kuambukiza. Alipewa nyumba ndogo ya kuishi peke yake. Hakuwa ameshtakiwa kwa kosa lolote wala kuhukumiwa na hakimu yeyote.

Mwaka wa 1909 alikwenda mahakamani kudai uhuru wake. Vipimo vya idara ya afya vingi vilionyesha viini, huku vile alivyofanyiwa na maabara ya kibinafsi vikionyesha kwamba hana. Kwa maarifa ya leo jambo hilo halishangazi, kwa kuwa mbebaji wa viini hivyo huvitoa kwa vipindi, siku moja vingi na siku nyingine hakuna. Mahakama iliamua abaki kisiwani.

Mwezi Februari 1910 mkuu mpya wa idara ya afya alimwachilia, kwa kiapo kwamba hatapika tena na kwamba atakuwa akiripoti mara kwa mara. Alisaidiwa kupata kazi ya kufua nguo. Ujira wa kufua ulikuwa mdogo kuliko ule wa kupika, na hakuna aliyemfunza kazi nyingine ya kumlipa kama ile aliyonyang'anywa. Baada ya muda aliacha kuripoti, akapotea machoni mwa serikali.

Mapema mwaka wa 1915 homa ya matumbo ilizuka katika hospitali ya Sloane, iliyokuwa ya akina mama wajawazito mjini New York. Madaktari, wauguzi na wafanyakazi 25 waliugua, wawili wakafa. Ilipochunguzwa, mpishi aliyejiita Mary Brown aligunduliwa kuwa Mary Mallon. Huruma ambayo wengi walikuwa nayo kwake iliyeyuka siku hiyo. Safari ya kwanza angeweza kusema hakujua. Safari hii alikuwa ameonywa na kula kiapo.

Mwezi Machi 1915 alirudishwa kisiwani, na hakutoka tena ila kwa ruhusa fupi za miaka ya baadaye. Aliajiriwa katika maabara ya hospitali ya hapo hapo. Mwaka wa 1932 alipatwa na kiharusi kilichompooza, na tarehe 11 Novemba 1938 akafariki akiwa na umri wa miaka 69. Kwa jumla alikaa kisiwani miaka 26. Waliomzika katika makaburi ya St. Raymond's, mtaa wa Bronx, walikuwa 9 tu. Wagonjwa waliohusishwa naye ni 50 hivi na vifo vilivyothibitishwa ni 3.

Hakuwa peke yake. Miaka ya 1920 iliwafichua wabebaji wengine, akiwemo Tony Labella aliyehusishwa na wagonjwa zaidi ya 100 na vifo 5, na mwoka mikate Alphonse Cotils aliyekaidi amri ya kutogusa chakula. Hakuna kati yao aliyefungiwa maisha. Wanahistoria wengi huona kwamba kuwa mwanamke, maskini, mhamiaji na asiye na familia kulimfanya Mary awe rahisi kufungiwa kuliko wenzake.

Virusi: wageni wasioliwa na jua

Viini vya Mary vilikuwa bakteria. Siku hizi wataalamu wa usalama wa chakula wana hofu nyingine kubwa, nayo ni virusi vinavyopita njia ile ile ya kinyesi, mkono na chakula. Vinavyotajwa zaidi ni norovirusi, inayoleta matapishi na kuhara kwa ghafla, rotavirusi, inayohara watoto wachanga, na virusi vya homa ya ini aina ya A, inayoleta umanjano wa macho.

Kuna tofauti moja kubwa. Bakteria akipata chakula chenye unyevu na joto huzaana humo, ndiyo maana kiporo huharibika. Virusi haviwezi kuzaana juu ya meza wala ndani ya sufuria. Vinahitaji mwili wa mtu. Vikiwa nje hungoja tu, na kungoja huko ndiko kwenye hatari, kwa sababu vina subira ndefu.

Virusi vya mafua huisha juu ya meza kwa muda wa saa chache hadi siku 2 hivi. Norovirusi huweza kudumu siku kadhaa hadi wiki mbili au zaidi juu ya bati, plastiki au meza iliyopakwa rangi. Rotavirusi nazo hudumu siku hadi wiki. Virusi vya homa ya ini aina ya A huweza kubaki na uwezo wa kuambukiza kwa wiki na hata miezi. Muda huo hurefuka mahali penye baridi na mahali virusi vilipojificha ndani ya uchafu au mabaki ya chakula, na hupungua penye joto na jua kali. Kitale iko katika mwinuko wa mita 1,900 hivi, na usiku wake una baridi. Meza isiyooshwa jioni haitasafishwa na hali ya hewa ifikapo asubuhi.

Inafaa hesabu hizi zichukuliwe kama makadirio. Kwa miaka mingi wanasayansi hawakuweza kuikuza norovirusi ya binadamu katika maabara hadi mwaka wa 2016, na majaribio mengi ya nyuma yalitumia virusi vya paka au vya panya ambavyo ni jamaa zake. Aidha, kupatikana kwa masalio ya kirusi juu ya ubao si lazima kuwe na maana kwamba bado kina uhai wa kuambukiza.

Lakini jambo la msingi halina shaka. Virusi vichache sana vya noro vyaweza kumlaza mtu mzima kitandani, na mgonjwa mmoja hutoa mamilioni kwa mamilioni. Majaribio yalionyesha kwamba vidole vilivyochafuka huweza kuvihamisha hadi sehemu saba safi, moja baada ya nyingine: kitasa cha mlango, simu, mpini wa kisu, sinia. Majaribio hayo hayo yalibaini kwamba kitambaa cha kupangusia chenye sabuni peke yake mara nyingi huvieneza badala ya kuviondoa. Kitambaa kile kimoja kinachopangusa meza zote za mkahawa kinaweza kuwa Mary Mallon wa pili.

Mpishi wa Kitale na Bungoma

Nchini Kenya, anayeshika chakula cha kuuzia umma hutakiwa kupimwa afya na kupewa cheti kila baada ya miezi 6. Utaratibu huu ni mjukuu wa kisa cha Mary. Wabebaji wa homa ya matumbo wanaweza kugunduliwa hivyo, na siku hizi wakatibiwa. Lakini cheti cha Januari hakijui lolote juu ya tumbo la Machi. Aliyeambukizwa homa ya ini aina ya A huvitoa virusi kwa wingi katika wiki moja au mbili kabla macho yake hayajawa manjano, yaani wakati bado anapika na kucheka na wateja. Aliyepona norovirusi huendelea kuvitoa kwa muda wa wiki mbili au hata zaidi.

Kwa hiyo kinga kubwa haimo kwenye karatasi iliyotundikwa ukutani. Imo mikononi. Kunawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20, hasa baada ya kutoka chooni na kumbadilisha mtoto nepi, ndiko kunakoving'oa virusi na kuvisukuma chini. Vitakasa mikono vyenye pombe vilivyotusaidia wakati wa corona ni dhaifu mbele ya norovirusi, kwa kuwa kirusi hicho hakina utando wa mafuta unaoyeyushwa na pombe. Beseni moja la kunawia watu wote nalo halifai. Kibuyu chirizi au mtungi wenye mfereji hutosha hata pasipo na maji ya bomba.

Meza na ubao wa kukatia vioshwe kwanza kwa sabuni hadi mabaki yaishe, kisha vipakwe dawa yenye klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Mtu akiwa ametapika au kuhara mahali hapo, dawa ya asilimia 3.5 ichanganywe sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji, iachwe dakika 5 au zaidi, ndipo pasuuzwe. Moto nao ni rafiki: nyuzi 85 kwa dakika 1 au zaidi huviangamiza virusi hivi. Mchuzi wa kuku unaochemka na ugali ulioiva vina usalama wake. Kachumbari, matunda yaliyokatwa na chapati inayokunjwa kwa mkono baada ya kupikwa ndivyo vinavyofanana na aiskrimu ya pichi.

Linabaki swali ambalo jiji la New York lilishindwa kulijibu. Wataalamu hushauri mpishi aliyehara au kutapika asiguse chakula hadi saa 48 zipite tangu apone. Kwa mwajiriwa wa kibarua aliye Chwele, Webuye au sokoni Kitale, siku hizo 2 ni pesa za unga na karo. Akijua kwamba kukiri kuumwa ni kupoteza kazi, atanyamaza na kufunga leso kiunoni aende akapike, kama Mary alivyojibadilisha jina akaingia Sloane. Mwenye mkahawa anayemlipa mpishi wake siku hizo mbili anapunguza faida ya wiki moja, lakini analinda jina la mkahawa na matumbo ya wateja wake.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mary aliyaficha yake, kilio kikamfichua hospitalini. Ila na wale waliomwondoa jikoni, wakampa beseni la kufulia na kumwacha ajitafutie, walikuwa na sehemu yao katika kilio hicho. Mpishi atakayemweleza tajiri wake asubuhi kwamba tumbo halikumpa usingizi, kisha akaambiwa akapumzike na kwamba kazi yake itamngoja, ndiye atakayetuepusha na kisa kingine kama hiki.